Sote Tuliisingizia Shaba

Watu wengine wakinusa siki wanakumbuka kachumbari ya mama yao. Mimi nakumbuka risasi. Jana nilirudi kutoka kazini, miguu imevimba, mgongo hausemeki, maana kutwa nzima nilikuwa nainua na kulaza wazee wa watu. Nikakuta birika langu limeshika ukoko mweupe, kama kawaida. Maji ya Brussels ni chokaa tupu. Nikamimina siki, nikawasha jiko. Mvuke ulipopanda nilisimama pale pale na koti langu mwilini na begi begani, nikashindwa hata kuvuta kiti. Harufu ile ni ya jikoni kwetu Berchem-Sainte-Agathe, Jumapili baada ya kanisa, papa akichemsha maganda ya risasi kwenye sufuria ambayo maman alishaiapia kwamba haitaingia chakula tena.

Nieleze vizuri, msije mkadhani nilizaliwa na jambazi. Papa alikuwa mtu wa Likasi, kule kwenye migodi ya shaba, mpole, mpenda soka na mpenda kulala. Alifanya kazi kwenye kile kiwanda cha magari cha Forest ambacho sasa kimefungwa, kwenye chaîne, ule mstari wa kuunganisha magari, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo zamu ya mchana. Mbelgiji mmoja wa kazini alimpeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, kumtembeza tu, na papa akanogewa. Akafanya mitihani yao, akapata vibali vyake, akanunua rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Sasa watu wa rivolva wana desturi yao. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba linabaki ndani ya silinda, zima, bado lina moto. Hawalitupi. Wanalirudisha nyumbani, wanalisafisha, wanalitia fataki mpya kitakoni, baruti ndani na kichwa kingine cha risasi juu, kisha linarudi kazini. Papa alilipenda sana jambo hilo. Alisema hata ganda lina zamu zake kama yeye.

Taabu ilikuwa moja tu: maganda hayakuwa sawa. Mengi aliyaokota pale klabuni, yameachwa na watu wasiojitengenezea. Ukiyatazama kwa macho ni mamoja, lakini kila kiwanda kina unene wake, na ganda lililopigwa mara nyingi linarefuka, linachoka, mwisho mdomo wake unapasuka. Refu linabana sana kichwa cha risasi, fupi linakilegeza, na mkononi kila moja inaruka kivyake. Kwa hiyo ni lazima yapangwe, kila aina na mahali pake. Kazi hiyo nilipewa mimi. Baruti na fataki sikuruhusiwa hata kuvisogelea, vilikaa kwenye kabati la chuma na ufunguo ulikuwa shingoni mwa papa. Mimi nilikuwa mtu wa maganda matupu.

Tulikaa mezani, yeye upande ule, mimi upande huu, katikati taulo kuukuu na vyupa vitupu vya mayonnaise.

"Sifa, soma kitako. Wameandika nini?"

Nilimsomea herufi zilizochongwa kuzunguka kitako cha ganda.

"Bon, hiyo inaenda na ndugu zake. Ingine."

"Hii imepasuka, papa."

"Umeona? Mi naona umeshinda hata mimi. Tupa huko. Sasa chukua pied à coulisse, upime."

Hicho kilikuwa kipimio cha chuma chenye taya mbili. Unalibana ganda katikati, unasoma namba. Nilikipenda kuliko mwanasesere wangu yeyote. Ganda likiwa na kipimo kinachotakiwa nilikuwa nasema, "Iko sawa, papa," naye anaitikia, "Haya, ipumzike." Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, sijui hata kugawanya vizuri, lakini nilijiona fundi.

Maman hakukaa na sisi. Yeye alikuwa mtu wa Uvira, na bunduki alizijua kwa njia nyingine. Alikuwa akipita nyuma yetu na kikapu cha nguo, anavuta midomo mpaka inalia.

"Mi nilikimbia hii kitu kwa miguu, Papa Sifa. Kwa miguu! Na wewe unaniletea kwenye meza ya kula."

"Maman Sifa, kule ilikuwa inatafuta batu. Hapa inatafuta karatasi tu."

"Leo karatasi."

"Ah, ninyi ba Kivu! Hii ni shaba, ni chakula ya kwetu. Pengine imetoka Kipushi, imetembea, imechoka, imenifuata mpaka hapa. Niifukuze?"

"Ifukuze," maman alikuwa anasema, na wakati mwingine anacheka, wakati mwingine hacheki. Mimi nilizoea. Nilidhani kila nyumba ina kitu chake cha kugombania.

Papa alikuwa akirudi na karatasi ya shabaha imekunjwa nne mfukoni, ananifungulia mimi kwanza. Mwanzoni matundu yote yalikuwa yamekaa pamoja, unaweza kuyafunika na kifuniko cha chupa ya bia. Halafu, sikumbuki ni lini hasa, yakaanza kutawanyika. Moja huku juu, moja karibu litoke nje ya karatasi. Papa aliyaangalia, akaguna.

"Shaba haiko sawa," alisema. "Kuna ingine imeingia humo. Sifa, tutapanga tena."

Tukapanga tena. Jumamosi iliyofuata matundu yalitawanyika zaidi. Maman akapita na kikapu chake, akachungulia. "Asiyejua kucheza anasema uwanja mubaya," akasema, akaenda zake akicheka. Papa hakucheka.

Ni hapo ndipo nilipouona mkono. Wa kulia. Alikuwa ameuweka juu ya taulo, haufanyi kitu, umepumzika tu, na kidole gumba kilikuwa kinatembea chenyewe, kinasugua kidole cha pili, kinasugua, kana kwamba papa anahesabu noti ambazo hazipo. Aliponiona naangalia akaufunika na ule wa kushoto.

"Ni nini, papa?"

"Ni ile shaba. Ilinirudishia vibaya leo."

Basi, mtoto akiambiwa na baba yake, kuna nini tena cha kuuliza? Niliamini neno kwa neno. Nilijitengenezea elimu yangu nzima juu ya jibu lile. Niliona kwamba ganda lisilo sawa likilipuka, nguvu yake haitoki yote na risasi. Nyingine inarudi nyuma, inaingia kwenye kiganja, inabaki humo ikizunguka. Kadiri anavyopiga maganda mabaya ndivyo mtetemo unavyozidi kujaa mkononi. Na dawa yake ilikuwa rahisi kabisa: akipata maganda yaliyo sawa, yote, bila hata moja kudanganya, mtetemo utaacha kuingia, na ule uliomo utatoka polepole wenyewe. Nilikuwa na uhakika huo kuliko uhakika wa katekisimu. Na mwenye kuyapanga yale maganda ni nani? Ni mimi.

Nikawa mkali. Nilipima yaliyokwisha kupimwa. Nikitoka shule sikugusa hata mkate, nilienda moja kwa moja kwenye vyupa. Niliyatupa hata yasiyo na kosa, kwa sababu tu rangi yake ilikuwa imefifia. Na mkono haukupona. Papa akaanza kunywa chai kwa bakuli, eti kikombe kina mshikio mdogo. Akaacha mashati ya vifungo, akawa mtu wa sweta tu, hata Jumapili kanisani, maman akimlalamikia kwamba anaonekana kama mtu anayeenda kuosha gari. Kila mara jibu lilikuwa tayari. Siku hii ni baridi, siku ile ni kazi nyingi, na zaidi ya yote, shaba.

Siku moja alikuwa anaongea kwa simu na mdogo wake wa Likasi, yuko bafuni, mlango haukufungwa vizuri. Nilikuwa koridoni.

"Leki yangu, mwezi ujao kuko visite médicale pa kazi, banatupima bote. Munganga akiona huu mukono, ananitoa kwenye chaîne. Baniweke wapi? Mi najua kufunga milango ya gari, sijui kingine. Na kwa klabu vile vile, banataka karatasi ya munganga." Akasikiliza kidogo. "Hapana, Maman Sifa hajui. Atajua nini? Mi mwenyewe sijui. Mutu anaanza kuisha namna hii?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Sikuwahi kuisikia. Niliingia chumbani kwangu, nikafunika kichwa na mto, nikaogopa na mimi. Lakini hofu yangu ilikuwa ya kijinga: niliona mwezi ujao umekaribia sana na bado kulikuwa na maganda mengi hayajapangwa. Nilidhani kazi yake, ile milango ya magari, mkate wetu, vyote vilikuwa vinaningoja mimi.

Kumbe maman alijua. Mwanamke anayelala na mtu kitanda kimoja atakosaje kujua? Ila yeye naye alikuwa na maelezo yake, na aliyapeleka kwa Maman Véro, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo. Jumamosi moja papa akiwa klabuni, Maman Véro alikuja na wenzake wawili, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani. Waliimba kidogo sebuleni, halafu wakaingia jikoni. Maman akavishusha vile vyupa vyangu kutoka juu ya friji, akavipanga mezani.

Maman Véro alivitazama, akatikisa kichwa. "Mm-mm-mm. Na unalala na hii ndani ya nyumba, Maman Sifa? Wewe mutu wa Uvira? Na unauliza mukono unatetemeka juu ya nini? Ni hii! Hii shaba imekunywa damu ya batu."

"Tantine, hii ilipiga karatasi tu," nilisema.

"Mutoto, nyamaza."

Nilinyamaza, na niwaambie ukweli, sikuumia. Nilifurahi. Watu wazima watatu pamoja na maman yangu walikuwa wamesimama jikoni wakisema kile kile nilichokuwa nakisema mimi moyoni: ni shaba. Kama hata Maman Véro ameliona, basi sikukosea. Wakaomba kwa nguvu, wakakemea, kijasho kinawatoka. Halafu Maman Véro akatoa mafuta ya upako, chupa ya mafuta ya zeituni ya dukani iliyoombewa, akamimina kwenye kila chupa mpaka maganda yote yakaogelea. Hapo ndipo nilipolia. Ganda lenye mafuta ni ganda bovu. Papa alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Kazi yangu yote ilikuwa inaelea kwenye mafuta kama dagaa wa kopo.

Wale wawili walikuwa wameshaondoka, na Maman Véro alikuwa anatafuta koti lake, papa alipofungua mlango. Aliingia jikoni, akasimama. Aliangalia vyupa, akamwangalia maman, akaniangalia mimi na machozi yangu. Nilingoja apige kelele. Maman pia alingoja, nilimwona amejikaza, kidevu juu, tayari kwa vita.

Papa akavuta kiti, akakaa. "Bon," akasema. "Itasafishwa."

Akaingiza vidole kwenye chupa, akatoa ganda moja. Likamponyoka, likagonga meza, likabingirika sakafuni. Akatoa lingine. Likamponyoka. La tatu alilishika kwa vidole vyote, akalileta polepole mpaka juu ya taulo, na kabla hajalifikisha likaruka.

"Ni mafuta," alisema. "Munaona? Ni haya mafuta yenu. Inateleza."

Maman alimtazama. Yale mapigano yote yalimtoka usoni, nikaona amebaki na uso mwingine nisioujua. Aliinama, akaokota ganda lile sakafuni, akalipangusa na ncha ya kitenge chake. Alilipangusa ndani na nje, taratibu, kama anavyopangusa kijiko cha mtoto, mpaka likakauka kabisa. Akampa.

Papa alilipokea. Likaanguka.

Mimi ndiye niliyeliokota. Bado nilikuwa na tumaini moja: labda hilo lilikuwa mojawapo ya yale mabaya, lililopita bila mimi kuliona, na ndilo lenye kosa. Nilichukua kipimio, nikalibana, nikasoma. Nikaligeuza, nikasoma tena. Wote watatu walikuwa wananingoja, hata Maman Véro, amesimama na mkono mmoja ndani ya koti.

"Sifa," papa akauliza. "Inasema nini?"

"Iko sawa, papa."

Nilitaka kumeza maneno yale mara tu yalipotoka. Papa alifunika uso na mikono yake yote miwili na mabega yake yakaanza kucheza, na nilichelewa kuelewa kwamba analia, maana sikuwahi kumwona. Maman akasimama nyuma yake, akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni mwake. "Toka lini?" alimuuliza. "Papa Sifa, toka lini?" Naye alijibu humo humo kwenye kitenge, "Mbele ya sikukuu ya Noël. Nilikuwa naogopa."

Nilimchukia Maman Véro kwa muda wote uliobaki wa utoto wangu kwa sababu ya mafuta yale, na nilimkosea, kwa sababu ni yeye aliyesema neno la akili siku ile. Alifunga kizibo cha chupa yake, akairudisha kwenye mkoba. "Maombi tutaendelea nayo," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Lakini huyu eko mugonjwa. Muende kwa munganga. Msingoje yule wa kazi, muende kwa wenu."

Kuna watu watashangaa kwamba nyumba nzima ilihitaji mtu wa kuwaambia hivyo. Wasishangae. Mimi leo nafanya kazi na wagonjwa, na kila wiki naona familia zilizosoma, zenye magari mawili, zikinieleza kwamba baba anasahau kwa sababu ya godoro jipya. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema, lakini anayeficha mara nyingi hayuko peke yake. Sisi tulikuwa watatu. Papa alificha kwa aibu, maman kwa kumbukumbu za vita vyake, na mimi kwa bidii. Hata sasa nikifikiria nachoka.

Walimpima kule Woluwe, kwenye hospitali kubwa. Siku ya majibu hapakuwa na wa kunilinda, wakanichukua. Daktari alikuwa dada mdogo, mpole. Alimwomba papa agonganishe vidole, atembee koridoni, arudi, aandike jina lake, na papa aliandika herufi ndogo ndogo mpaka daktari akainama kuzisoma. Akawaeleza. Ugonjwa ni wa ubongoni, si wa mkono, una jina, una dawa za kuutuliza, kupona hakuna. Papa akauliza kuhusu kazi. Akajibiwa kwamba kwenye ile chaîne hapana, pengine kazi nyingine humo humo kiwandani, ataandikiwa barua. Kuhusu klabu hakuuliza. Rivolva aliiuza mwezi ule ule kwa mtu wa klabu mwenye vibali, na sikumsikia akiitaja tena.

Kwenye metro walikaa bega kwa bega, mimi mbele yao. Vituo vilipita. Kisha papa akapumua pumzi ndefu.

"Maman Sifa, mi nilizania niko naisha. Kumbe niko mugonjwa tu."

"Mugonjwa tu!" maman akasema. "Sikieni huyu." Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na papa naye akacheka, na abiria wakageuza nyuso zao dirishani kama kawaida ya watu wa mji huu.

Tulishuka Gare de l'Ouest kungojea tram 82. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, magari yamejaa barabarani, mvua nyembamba inanyesha. Maman alikuwa ametangulia mbele na mwavuli. Papa alisimama ukingoni mwa barabara, akaangalia kulia na kushoto, halafu akanyoosha mkono kunipa. Si ule wa kushoto. Ule wenyewe.

"Sifa, nishike. Shika nguvu."

Siku zote ni yeye aliyekuwa ananishika mimi. Niliushika kwa mikono yangu miwili na kuukaza kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikiamini kwamba nikiukaza vizuri utatulia. Haukutulia. Tukavuka hivyo hivyo, unatetemeka ndani ya mikono yangu. Sikuuachia miaka yote iliyofuata, na mwezi uliopita ni yeye aliyeniachia.